Shikamoo kwa Mtani

Jirani yetu alitaka kitu kimoja tu kutoka kwa mama yangu, na mama akamnyima. Alitaka tusi. Moja lingetosha, hata dogo, hata la kuazima. Mama, ambaye zamani mdomo wake uliogopwa mtaa mzima wa Mafiga, alimpa heshima badala yake. Alimpa asubuhi na jioni, mwaka hadi mwaka, mpaka ikammaliza.

Sitasema jirani huyo alizaliwa wapi na kwa nani. Yeye mwenyewe kila alipoulizwa alisimulia kivingine, na katika masimulizi yake mama yake alifariki mara nyingi, kila mara kwa ugonjwa tofauti. Ilitosha kujua kwamba alikuwa Mnyamwezi, kwamba ujana wake uliishia kwenye njia ya reli akibadilisha mataruma, na kwamba sisi, kwa upande wa mama, ni Waluguru. Mnyamwezi na Mluguru ni watani. Kwa hiyo wakubwa kwa wadogo tulimwita Mtani, na jina lake halisi nimelijua nikiwa mtu mzima, wala halikumfaa.

Siku hizi utani umebaki maneno ya kuchekeshana harusini. Kwetu ulikuwa kazi. Mtani aliweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Aliweza kuingia jikoni akaondoka na chungu kikiwa na mchuzi. Ukifiwa, ni yeye aliyekuja kuwacheka waliolia, akawaiga wanavyojigaragaza, mpaka kilio kikachanganyika na kicheko na watu wakaweza kula. Wewe nawe ulikuwa na haki hiyo hiyo juu yake. Kosa lilikuwa moja tu, kukasirika.

Alikuwa mrefu na mkavu, mwenye masikio makubwa yaliyosimama mbali na kichwa kama vishikio vya sufuria. Mama aliyapenda sana masikio hayo. Alimkataza kutoka siku za upepo. "Utapaa," alimwambia, "tuje tukuokote Dodoma, nani ana nauli?" Mtani alijibu kwamba masikio yake Mungu aliyatengeneza kwa kusudi, ili asikie Mluguru anapoporomoka kutoka shambani kwake. Alidai kwamba huko mlimani tunalima tumejifunga kamba kiunoni, na kamba ikikatika, wanaobaki juu hawalii kwanza, wanagawana shamba kwanza.

Nakumbuka asubuhi zao, mama akiwa jikoni uani na yeye ameegemea mlango.

"Mama Idi, mmepika nini leo? Au mmechemsha ndizi kama nyani wenzenu?"

"Tumepika, lakini chakula chetu hakiliwi na wapagazi. Tua mzigo wako kwanza, uombe maji."

"Mzigo? Mimi nilipokuona tu nilisema, huu hapana, huu waubebe Walindi."

Walindi maana yake baba, mtu wa Lindi, fundi mitambo kiwandani, ambaye hakuwa na mtani hata mmoja mtaani na alisikiliza yote hayo kama mtu anayesikiliza mpira redioni, bila timu.

Siku moja ya Idi Mtani alibeba sufuria ya pilau moja kwa moja kutoka mekoni, akajitwika kichwani juu ya kofia yake, akashuka nayo barabarani kwa mwendo wa pole kama bwana harusi. Mama nyuma na mwiko. Watu walitoka nje kuangalia. Alipofika mwisho wa mtaa alikaa chini ya ukuta, akafunua, akatuita sisi watoto tule naye. Nyama kubwa alikula yeye. Aliyenyoosha mkono kuifikia alipigwa kijiko kwenye vidole, na hakupiga kwa kucheza.

Sitaki ieleweke kwamba alikuwa mtu mwema aliyejificha nyuma ya mdomo mchafu. Watu wa namna hiyo wamejaa kwenye hadithi, na katika hadithi hawaumizi. Mtani aliumiza. Alijua mahali pa kila mtu palipo laini na alibonyeza hapo. Mwanamke wa jirani aliyekosa watoto alimwita Bi Tanuri Baridi. Mimi nilichelewa kujua kusoma, na alikuwa akininyooshea gazeti kichwa chini miguu juu, mbele ya wenzangu, akisubiri.

Hata hivyo tulimfuata kila alikokwenda. Juni ilikuwa yake. Masika yakishaisha, shule zimefungwa, kiangazi kinaanza na baridi yake nyepesi, ukungu unapanda Uluguru asubuhi taratibu kama mtu anayejifunua shuka, mama zetu walikuwa wanatafuta tu mtu wa kuwaondolea watoto miguuni. Mtani alisimama katikati ya mtaa akapuliza kipenga chake cha reli. Tulitoka mbio na viazi vitamu mikononi, tusijue tunakwenda wapi, na hatukuuliza.

Yeye alitembea nyuma daima. Alisema katika msafara wa babu zake mkubwa hakutangulia, alikaa mwisho, aone nani anadondosha mzigo. Hakumbeba mtoto yeyote. Aliyechoka aliambiwa abaki, fisi nao wana watoto. Mdogo wetu kuliko wote alikuwa ndugu yangu Shabani, ambaye hakuwahi kuanza shule, na yeye ndiye ambaye Mtani alimwandama kuliko wote.

"Wewe si wa Mama Idi," alimwambia siku ya kwanza. "Mama Idi alikununua Msamvu kwa mkungu wa ndizi. Basi likaondoka kabla hajarudishiwa chenji."

Shabani alilia mpaka akatapika. Siku ya pili, tulipofika pale pale njiani, alisimama akamgeukia Mtani.

"Na chenji je?"

"Chenji gani?"

"Ya mkungu. Nani anayo?"

Mtani alivua kofia, akajikuna. "Huyu," alituambia wengine, "ndiye Mluguru pekee mwenye akili, na ni wa kununuliwa." Tangu hapo kisa cha chenji kilirudiwa kila safari, Shabani akikidai, na kila mara chenji ilikuwa na mtu mwingine. Mara konda, mara askari magereza wa Kingolwira, mara mbuzi aliyeimeza.

Kingolwira alitupeleka kuangalia treni. Tulikaa kwenye nyasi karibu na stesheni tukitafuna karanga za kuchemsha, na treni ilipokawia alisema imekufa, akatutaka tuinamishe vichwa kuiombea. Msamvu alitupeleka kuangalia mabasi. Tulipanda kwenye ukuta mfupi mkabala na stendi na kucheza mchezo wake alioupenda, ambao sasa, nikiwa na watoto wangu, unanitia baridi. Alimnyooshea kidole abiria mmoja, mama mwenye ndoo, kijana mwenye godoro, akauliza, "Huyu atarudi?" Sisi tulipiga kura. Halafu yeye alitoa hukumu. "Harudi." Alilisema hivyo hivyo, bila huruma na bila furaha, kama mtu anayesoma jina la kituo.

Mara moja, juu kidogo ya Bigwa, alinipandisha kwenye jiwe kubwa nisiloweza kushuka mwenyewe, akaondoka na wenzangu. Niliwaona wakipotea kwenye migomba. Nililia, nikanyamaza, nikalia tena nilipoona kivuli cha mlima kinanijia. Hatimaye niliteleza mwenyewe, nikachubuka viganja vyote viwili, nikatua chini, na huyo hapo amekaa nyuma ya jiwe anamenya chungwa. Alikuwa hapo karibu muda wote. Wenzangu aliwaacha kwa bibi mmoja muuza ndizi, akanirudia kwa kunyata.

"Umeshuka," alisema.

"Uliniacha."

"Nilikuacha." Akanipa maganda. "Chungwa nimekula mimi. Wewe ulikuwa unakula kelele zako."

Kila tuliporudi alikuwa na desturi yake getini, na hii ndiyo ninayotaka ikumbukwe. Alituficha nyuma ya uzio wa michongoma, akaingia peke yake, uso umekunjamana kabisa.

"Mama Idi, nimerudi na pungufu."

"Nani leo?"

"Mdogo. Kaliwa na mamba."

"Mamba mlimani?"

"Wa kupanda, kama mihogo."

"Mpe pole huyo mamba. Atapata kiungulia."

Hapo sisi tulichomoka kwa vifijo, na Shabani alijirusha magotini kwa mama akinguruma kama mamba. Mtani aliapa kwa Mungu kila mara. Mwaka mmoja alijipaka maji ya choya usoni na shingoni, nyekundu inachuruzika, na mama akamwambia damu ya Mnyamwezi ni tamu, aongeze barafu auze. Watoto wa mtaa mzima walirudi kwa mama zao kwa kufa kwanza. Hakuna mama aliyeshtuka. Aliyeshtuka angekuwa ameshindwa.

Siku yenyewe jua lilikuwa linawaka. Tulikuwa mtoni, kwenye mawe mapana, tunajenga bwawa la vijiwe na matope, na Mtani yuko juu yetu kidogo anachonga miwa. Mto ulikuwa wa kufika magotini. Kule juu mlimani palikuwa na wingu jeusi, dogo, kama sahani ya mtu mmoja, na mvua yake haikutuhusu. Maji yalibadilika rangi kwanza. Mtani alisimama, akapuliza kipenga, na sisi tuliokuwa tumezoea kipenga kile tulipanda ukingoni bila kuuliza. Shabani naye alipanda. Kisha akaona kandambili yake moja imebaki kwenye jiwe.

Alirudi kuichukua, na maji yakafika.

Mtani aliingia na viatu vyake vya reli. Alitokea chini, mbali, paji la uso limepasuka, akazama tena, akatokea tena mikono mitupu. Alitupandisha juu kwa bibi aliyekuwa anachuma mchicha, akatuambia tushikane mikono na tusiachiane, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa. Kisha alikimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia. Alikimbia vibaya, magoti nje, masikio yanatikisika, na mmoja wetu akacheka.

Yaliyotokea getini nayajua kutoka kwa jirani aliyekuwa anamsuka mama. Amenisimulia mara moja, wala sijamwomba tena.

Mama alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, kichwa kimeinamishwa, nusu ya nywele zimesukwa. Mtani aliingia ameloa.

"Mama Idi. Shabani kaenda na maji."

Mama hakuinua kichwa. "Kasahau sabuni. Mkimbilie nayo."

"Mama Idi, leo sikutanii."

"Hata juzi hukunitania, na mamba akashiba."

"Haki ya Mungu, mtoto kaenda."

"Basi hukohuko anakokwenda, amwambie babu yako nguo za mazishi tunamdai."

Jirani alicheka. Ananiambia alicheka sana, kwa sababu lilikuwa jibu zuri, mama siku ile alikuwa katika ubora wake. Aliiona damu kwenye paji la uso na akasema, "Mwaka huu choya imekolea." Mtani alizunguka pale uani kama kuku aliyefungwa mguu. Alijipiga kifua, na walishamwona akijipiga kifua. Alilia, na walishamwona akilia. Kila njia ambayo mtu anaweza kusema jambo la kweli alikuwa ameshaitumia kusema la uongo, katika Juni zote zile.

Ndipo akavua kofia. Akaja mbele ya mkeka, akapiga magoti, yeye aliyekuwa na umri wa baba yake mama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," alisema.

Jirani anasema mama aliinuka kichanuo kikiwa bado nyweleni.

Shabani alipatikana chini, karibu na daraja, amenaswa kwenye mizizi. Wapo waliosema laiti wanaume wangeshuka mara moja. Wapo waliosema mto ule haungoji mtu, ingekuwa yale yale. Watu husema.

Mazishi yalisimamiwa na mjomba wa mama, maana kwetu mtoto ni wa upande wa mama na mjomba ndiye mwenye neno. Mimi nilikwenda makaburini na wanaume. Kaburi lilikuwa fupi sana, halikuonekana kama kazi ya watu wazima. Mtani alikuja akiwa na bandeji kichwani, na nilihisi umati mzima unajiuliza jambo moja. Asipofanya lolote, utani umevunjika na msiba umekosa mtu wake. Akifanya, anafanya juu ya mtoto, na mtoto mwenyewe ni huyu.

Aliingia kaburini.

Watani huingia, ni desturi. Hulala humo wakasema kaburi ni lao, mpaka watupiwe kitu ndipo watoke, na watu hucheka. Mtani alilala, na kwa kuwa kaburi lilikuwa fupi alikunja magoti hadi kifuani.

"Hili langu," alisema. "Mtafutieni jingine."

Kicheko kilianza kidogo, kwa woga, kisha kikapanda. Wanaume walikuwa wamebeba kitu kizito tangu jana yake na sasa waliruhusiwa kukitua. Mjomba alitupa noti kaburini. "Haya, Mtani, toka. Umefanya vizuri."

"Sitoki."

Wakacheka zaidi. Mmoja alisema Mnyamwezi amepata nyumba ya bure. Mjomba aliongeza noti nyingine, ikaanguka kwenye shingo yake, akaiacha hapo. Mimi nilikuwa nimesimama ukingoni, mdogo kuliko wote, na kutoka pale nilimwona uso. Alikuwa amefumba macho. Mikono yake miwili ilikuwa imeshika udongo wa kuta za kaburi, vidole vimezama ndani. Walishuka vijana wawili kumtoa, wanacheka, wanamwita mzigo, na ilibidi wambandue kidole kimoja kimoja.

Nyumbani wanawake waliambiwa Mtani amefanya kazi yake. Mama aliuliza swali moja.

"Walicheka?"

"Walicheka sana," alijibu mjomba, akidhani anamfariji.

Siku ya kuanua matanga Mtani alikuja kufagia huzuni, kama ilivyompasa. Alisimama mlangoni mbele ya wanawake wote, sauti imemkauka, akaanza. "Mama Idi, msiba wako umemaliza mchele wa mtaa. Sasa inuka, au tukuhamishie wewe huko?"

Mama aliinuka. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa bado haujasukwa, nilimwona alipovuta khanga kujifunika. Alimkaribia, akakunja goti.

"Shikamoo, baba," alisema.

Mtani alitazama chini, kwenye magoti yake mama, kisha mlangoni alikotokea. Hakuna jibu jingine la salamu ile katika Kiswahili chote.

"Marahaba," alisema.

Tangu siku hiyo mama hakumkosea adabu hata mara moja. Alimwamkia akiwa jikoni, alimwamkia wakikutana bombani, alivuka barabara kwenda kumwamkia. Idi ilipofika alimpelekea pilau kwenye sahani nzuri iliyofunikwa kitambaa, na nyama kubwa juu. Alipoingia uani alitolewa kiti. Alijaribu kila kitu. Alikuja akabeba sufuria kichwani, na mama akasema, "Chukua, baba, ni yako," akaendelea kuchambua mchele. Mtani alifika nayo getini tu. Asubuhi yake aliirudisha, imeoshwa.

Kwenye harusi ya binti wa jirani alisimama akawatukana mababu wa mama tangu yule wa kwanza aliyeporomoka. Lilikuwa tusi refu, lenye ufundi, na mwisho wake aliacha nafasi ya jibu, kichwa ameinamisha upande kama mtu anayesubiri kibao. "Ni kweli, baba," mama alisema. "Hukukosea."

Utani usiojibiwa ni matusi tu. Mtaa ulianza kuona mzee mzima akimtukana mwanamke mpole aliyefiwa, na mwanamke yule anamjibu kwa unyenyekevu. Wakaanza kumkanya. Mjumbe alimwita. Wale wanawake waliokuwa wakimrushia maneno kutoka madirishani waliacha, mmoja baada ya mwingine, kisha nao wakamwamkia. Juni ilipokuja alipuliza kipenga na hakuna mtoto aliyetoka. Nilimwona Msamvu peke yake juu ya ukuta, anatazama abiria, midomo inacheza.

Nilipokuwa sekondari nilimkuta njiani, hapakuwa na mtu, nikasema, "Mtani, bado hujafa?"

Alisimama. Alitazama nyuma yangu, barabara yote.

"Mama yako amekutuma?"

"Hapana."

"Basi niamkie," alisema.

Nilijaribu kumweleza mama kuhusu vile vidole kwenye udongo. Nilijaribu nikiwa kijana na nikajaribu nikiwa nimeoa. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nilisikia walicheka," alisema, akaniuliza kama nitakunywa chai. Yeye mwenyewe hakutania tena na mtu yeyote. Ule mdomo aliufunga siku ile mkekani, na nadhani nayajua maneno ya mwisho yaliyotoka ndani yake kabla haujafungwa. Sabuni. Nguo za mazishi. Hajawahi kuyataja. Alichukua adhabu yote, akaitafutia mtu mwingine wa kuibeba, na aliyeteuliwa alikuwa mjukuu wa wapagazi.

Juni iliyopita nilikuja kutoka Dar na mke wangu na watoto. Binti yetu Asha amemaliza miaka sita na ameanza kuuliza maswali yasiyo na mlango. Niliwapeleka mlimani tukanunua karoti zenye majani yake, tukala tukitembea. Niliwapeleka Msamvu, nikawanunulia aiskrimu, tukahesabu mabasi mekundu. Mtoni sikuwapeleka. Asha aliuliza kwa nini watoto wengine wanakwenda, na bibi yake akatoka chumbani akasema, "Kwa sababu nimesema," na hilo likaisha.

Siku moja mpwa wa Mtani alipiga simu kutoka Kingolwira. Mzee alikuwa amepooza upande mmoja na alikuwa analelewa kwake. "Anasema umwambie Mama Idi aje amtukane," alisema, kwa aibu. "Mara moja tu. Anasema hataki kufa kama mgeni."

Nilimfikishia mama ujumbe kama ulivyo. Alikuwa anakunja khanga. Alimaliza kukunja.

"Tutakwenda," alisema. "Mgonjwa huangaliwa."

Alipika uji wa ulezi, akautia kwenye chupa, akanunua machungwa. Asha aling'ang'ania kuja, nami sikumkataza. Njiani nilijiambia kwamba mtu hapiki uji kwa mikono yake mwenyewe kwa ajili ya mtu anayekwenda kumnyima.

Chumba kilikuwa cha joto, na feni ya mezani ilikuwa inageuka huku na huku. Mtani alikuwa amelala ubavu, mdogo kuliko nilivyomjua. Kila kitu chake kilikuwa kimepungua isipokuwa masikio. Alipomwona mama, upande mmoja wa uso ulijikusanya.

"Mama Idi," alisema, ulimi mzito, neno moja moja. "Umezeeka. Kama ndizi. Iliyosahauliwa."

Mama alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda. "Ndiyo, baba. Uzee hauna mlango."

"Mlikuja. Na kamba?"

"Tumekuja na gari, baba. Umeamkaje?"

Alifumba macho, akayafungua. Nje, mbali, treni mpya ya umeme ilipita kwa sauti ya kitu kinachoteleza, na jicho lake zima lilielekea dirishani kisha likarudi kwa mama. "Mara moja," alisema. Halikuwa tusi wala utani. Aliomba waziwazi, mbele yetu sote.

Mama alimimina uji kikombeni, akaupuliza, akamnywesha. Uliomwagika kidevuni aliufuta kwa ncha ya khanga yake, taratibu, kama anavyofutwa mtoto. "Usijichoshe, baba," alisema. "Mungu akupe nguvu."

Asha alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ametulia mno. Feni iligeuka ikampuliza Mtani, ikageuka kwingine, ikarudi. Mtoto aliifuata kwa macho kila inaporudi.

"Bibi," alisema, "mbona babu hapai? Masikio yote haya, na feni imewashwa."

Mpwa alijiziba mdomo. Mimi nilimgeukia mtoto, kwa sababu lile neno la kupaa halikuwahi kusemwa nyumbani kwangu, wala mtoto yule hakuwahi kulisikia popote. Mtani alianza kutoa sauti. Nilidhani anapaliwa. Alikuwa anacheka, kwa nusu ya uso iliyobaki, machozi yakishuka kwenye ile nusu nyingine isiyojua. Alimtazama mama. Nami nilimtazama mama, na niliona pembe ya mdomo wake ikipanda. Ilipanda kweli. Nilimjua mwanamke yule, mwenye mwiko mkononi, sikuwa nimemwona tangu nilipokuwa mtoto.

Kisha mwanamke yule akatoweka usoni mwa mama.

"Asha," mama alisema. "Mwombe babu radhi. Na umwamkie. Hukumwamkia tulipoingia."

"Mama," nilisema.

"Mwache ajifunze adabu."

Asha alinitazama mimi, akamtazama bibi yake. Alizunguka kitanda, akapiga magoti sakafuni, kichwa kikafika usawa wa mto.

"Samahani, babu," alisema. "Shikamoo."

Mtani hakumtazama mtoto. Alimtazama mama juu ya kichwa cha mtoto, feni ikaja ikaondoka.

"Marahaba," alisema, wazi kabisa, ulimi haukumkwama hata kidogo.

Mama alifunga kifuniko cha chupa. Akainuka, akamvutia shuka, akamfunika vizuri hadi masikioni.